Miaka Saba Nyuma ya Goli la Queensburgh

Mmeniomba niandike, haya, nimekaa. Funguo za stoo nimerudisha juzi, kamba na vigingi nimevihesabu mbele ya shahidi, na koti nimewaachia likiwa limefuliwa na kupigwa pasi na mke wangu, Mama Fabrice mwenyewe, kwa hiyo mkilichafua mtamjibu yeye. Nyinyi mnaoingia sasa kwenye kazi ya kuchora mistari na kusimama nyuma ya goli mnataka kujua sisi tulikuwa tunafanyaje. Vyeo msiniulize. Niliingia mtunza uwanja nikatoka mtunza uwanja, ila katikati hapo walinivika koti. Mshahara nao tuuache ulale. Nitawaambia yale yatakayowasaidia, na mwishoni nitasema jambo moja ambalo huenda lisimsaidie mtu ila mimi.

Kwa wasionijua: mimi ni Leonidasi, Mrundi wa Buyenzi, kule Bujumbura ambako mtoto anatukana kwa Kiswahili kabla hajajua kuvaa viatu. Durban nilifika kama tulivyofika wengi, na kazi ya kwanza ilikuwa kuchunga magari kwenye parkingi moja ya Morningside, nikiwa nimevaa kizibao cha rangi ya machungwa. Mwaka 2008 bwana mmoja niliyekuwa namchungia gari aliniuliza kama najua kukata majani. Bwana huyo aliitwa Fergal, Muayalandi, daktari wa meno. Nikamwambia najua. Uongo mtupu, Buyenzi majani tulikuwa tunayaona kwenye kalenda. Akanipeleka Queensburgh, kwenye uwanja wa kukodi wenye mteremko upande wa mashariki, na huko ndiko nilikouonea mpira wa Kigaeli.

Ngoja niwaeleze mchezo huu, maana hata nyinyi mnaoulinda nimeona mnababaika. Ni mpira wa Waayalandi. Watu kumi na watano kila upande, mpira wa duara, unaushika kwa mikono, unaupiga kwa mguu, unakimbia nao kidogo halafu lazima uudundishe, na mwenzako ana ruhusa ya kukugonga bega mpaka ukumbuke dhambi zako. Goli lina nguzo mbili ndefu na mwamba katikati. Mpira ukiingia chini ya mwamba, wavuni, hilo ni goli, pointi tatu, na mwamuzi wa goli anainua bendera ya kijani. Ukipita juu ya mwamba, katikati ya nguzo, hiyo ni pointi moja, bendera nyeupe. Ukipita nje ya nguzo, anapishanisha mikono juu ya kichwa, na watu wanamtukana. Kazi yote ndiyo hiyo.

Siku ya kwanza nilinusurika kufukuzwa. Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Yusufu, mtunza uwanja na mwamuzi wa goli wa siku nyingi, Mwislamu, mzaliwa wa hapa hapa Durban, wa zile familia ambazo mababu zao waliletwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki zamani hizo. Kiswahili chake kilikuwa cha bibi yake, kimechanganyika na Kiingereza na Kizulu, na alikitunza hasa kwa ajili ya kunigombeza. Akanituma stoo nichukue chokaa. Stoo kulikuwa na mifuko miwili, nikachukua ule mweupe zaidi. Nikachora mistari, haki ya Mungu, mistari iliyonyooka mpaka nikajipongeza mwenyewe. Jumamosi wakacheza, wakaanguka, wakaburuzana. Jumatatu wachezaji saba, mainjinia wa Kiayalandi, walikwenda kazini na bandeji magotini, kwa sababu ule mfuko ulikuwa chokaa ya ujenzi, na chokaa ya ujenzi ikikutana na jasho inakula ngozi.

“Wena!” Mzee Yusufu alinifokea, yaani wewe. “Hii iko ya kujenga nyumba! Ulitaka kuwapiga plasta?”

Kwa hiyo sikilizeni vizuri. Msisome mfuko. Chukueni kidogo, tieni mate, sugueni kati ya vidole mhesabu mpaka ishirini. Ikiwasha, rudisheni. Na kamba ivuteni watu wawili, kamwe si mmoja na jiwe, kwa sababu jiwe halisemi likisogea.

Koti jeupe nililivaa mwaka uliofuata. Sheria ya Waayalandi inataka mwamuzi wa goli avae koti jeupe refu, na makoti hayo yalikuwa yaletwe kutoka kwao. Hayakuja. Mzee Yusufu akachukua mawili kwa shemeji yake mwenye bucha. La kwangu lilikuwa na doa dogo kwenye mfuko wa kushoto ambalo halikutoka miaka yote. Nikawa narudi nyumbani nimelivaa, maana hata mimi nilipenda kuonekana. Basi siku moja ndani ya taxi, daladala za huku, mama mmoja akavua kiatu, akanionyesha kifundo cha mguu kilichovimba kama andazi. Ningemwambia nini? Nikamwambia aloweke kwenye maji ya chumvi. Wiki iliyofuata akanisimamisha barabarani kunishukuru, na tangu hapo Queensburgh yote wananiita Dokta. Sikukana kwa nguvu sana. Kumbukeni hilo.

Mafunzo ya Mzee Yusufu ya kusimama nyuma ya goli yalikuwa mafupi. Alinisimamisha kwenye nguzo ya kulia, yeye akasimama ya kushoto.

“Nguzo hii iko yako,” akasema. “Mpira ukipita hapa, wewe ndiye unasema, mimi nanyamaza. Angalia mpira. Usiangalie nani amepiga. Kazi yako kuona. Kufikiri waachie kamati.”

Na kamati ilikuwepo, Mungu wangu! Mashindano yetu yaliitwa Ubingwa wa Klabu wa Jimbo, Daraja la Kati. Timu zilikuwa nne: Morningside, Berea, Pinetown na Queensburgh. Kamati ilikuwa na watu kumi na mmoja, mwenyekiti akiwa Fergal, ambaye pia alikuwa nahodha wa Morningside, mtunza kombe na mwandishi wa kanuni. Daraja la juu halikuwepo. Daraja la chini halikuwepo. Nilimuuliza Fergal mara nyingi sisi tuko katikati ya nini na nini.

“Dokta,” alinijibu siku moja, uso umekaza kama anang’oa jino, “siku daraja la juu likianzishwa, sisi tutakuwa tayari.”

Kikao ninachokikumbuka kuliko vyote ni kile cha tumbili. Mnajua tumbili wa huku, hawaogopi mtu wala Mungu. Walikuwa wanakaa kwenye mwamba wa goli wakila machungwa ya mapumziko, na katika mechi ya Berea mpira ukampiga mmoja wao kiunoni ukarudi uwanjani. Berea wakadai pointi. Morningside wakasema hapana, tumbili ni mtazamaji. Kamati ikakaa Jumapili nzima na biskuti. Ikaamua kwamba tumbili aliyekaa kwenye mwamba ni sehemu ya mwamba, lakini tumbili aliyeshuka ni mtazamaji. Sisi waamuzi tukaamriwa kuthibitisha mahali alipo tumbili kabla ya kila pigo la adhabu. Mzee Yusufu alitii kikamilifu. Kabla ya kila pigo alikuwa anamwinamia tumbili na kumwuliza kwa sauti, “Bwana, unashuka au unabaki?”

Mainjinia wale walikuwa wameletwa na ujenzi. Mwaka 2010 ujenzi ukaisha, wakakunja ramani zao wakaondoka, na timu nyingine zikabaki na watu saba saba. Queensburgh ilibaki na wanne. Hapo ndipo Padri Anselme, Mkongomani wa parokia yetu, alipopanda mimbarini akasema kuna watu wanatafuta vijana wenye mbio, wasioogopa kugongwa. Warundi na Wakongomani wanaochunga magari wakacheka kanisa zima. Siku nzima unakimbilia magari, jioni unagongwa na maisha, ni kazi gani hiyo mpya? Jumamosi walikuja ishirini na wawili, na mmoja wao alikuwa mwanangu Fabrice.

Fabrice alikuwa na miaka kumi na tisa. Sitamsifu, baba akimsifu mwanawe watu wanahama kiti. Nasema tu kwamba mpira ulikuwa unausikia mguu wake wa kushoto. Alikuwa anabaki baada ya mazoezi, anapanga makopo ya rangi pembeni, anapiga kutoka pembe ambazo hata mimi nisingejaribu kuona goli lilipo. Mimi nasimama nyuma ya nguzo naye ananiuliza, “Papa, iko ndani?” Namwambia iko ndani, au iko nje, shubiri moja, shubiri mbili. Hivyo ndivyo tulivyozungumza, mimi na yeye. Watoto wa kiume wa umri ule hawakupi maneno mengi zaidi ya hayo, na mimi nilikuwa na furaha kuliko wakati wowote tangu tutoke nyumbani.

Queensburgh ikaanza kushinda. Berea ikapigwa, Pinetown ikapigwa, na mwaka 2012 Morningside wakapigwa pia, wakashika vichwa. Wiki mbili baadaye Fergal akafunua kitabu cha kanuni za kwao. Kule Ayalandi, akaisomea kamati, mtu huchezea parokia yake. Kuanzia sasa kila mchezaji alete barua ya padri kwamba anajulikana kanisani. Nadhani alifikiri wakimbizi hawatakuwa na karatasi. Jamani! Mkimbizi akikosa vyote, karatasi anazo. Vijana walikuja na mafaili ya plastiki: barua ya padri, cheti cha ubatizo, cha kipaimara, picha ya kwaya, na mmoja alileta barua ya askofu wa Ngozi, kule kwetu Burundi, inayosema marehemu babu yake alichangia matofali.

Ikafika zamu ya Morningside. Hawakuwa na barua hata moja. Nusu yao hawakujua kanisa la Morningside liko barabara gani. Ilibidi waende kwa padri wao, na padri wao, aliyekuwa rafiki wa Padri Anselme, akasema hawezi kusema anawajua watu asiowajua. Waje Jumapili sita mfululizo kwanza, na wasikae nyuma. Wakaja. Madaktari wa meno, mawakili, mwuza matairi mkubwa, wamepanga mstari mbele wakiimba wasichokijua. Mzee Yusufu naye alileta barua ya imamu ili awe sawa na wengine, kamati ikaijadili vikao viwili na kumpitisha kwa kura sita dhidi ya tano.

Mwaka uliofuata Mzee Yusufu aliacha kazi. Macho yalikuwa yamechoka. Siku hiyo ndege hadeda alipita juu ya mwamba akipiga kelele zake, na Mzee akainua bendera nyeupe kwa heshima zote. Refa akaipa Pinetown pointi. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka. Alivua koti, akalikunja, akaniwekea bendera mbili mkononi.

“Mimi sioni tena,” akasema. “Wewe unaona. Sharp?”

“Sharp, Mzee. Sawa.”

Nilitaka kulia, na sijui kwa nini sikulia.

Sasa nifike 2014. Mwenye uwanja wa Queensburgh alikuwa amesema anataka kuutumia kwa mambo yake, na kamati badala ya kutafuta uwanja mwingine ikatafuta azimio. Azimio lilisema timu nne ni nyingi mno kwa daraja la kati. Mwaka utakaofuata zitabaki tatu. Bingwa hataguswa kwa vyovyote. Lakini Queensburgh ikikosa kombe itavunjwa, na wachezaji wagawanywe kwa timu zilizobaki kama sahani za msiba. Ndivyo ilivyokuwa: vijana wetu washinde fainali au timu ife. Fainali ilikuwa dhidi ya Morningside. Na mechi ikiwa sare, kombe linabaki kwa bingwa mtetezi. Bingwa mtetezi alikuwa Morningside. Kanuni hiyo sina haja ya kuwaambia nani aliandika.

Siku tatu kabla ya fainali niliitwa kwenye kikao. Mtu wa Berea aliuliza, kwa upole tu, kama inafaa baba kusimama nyuma ya goli ambalo mwanawe atalipiga. Nikahisi masikio yananiwaka. Miaka sita nimesimama pale na hakuna aliyewahi kuniambia neno. Kisha Fergal akasimama, na ningependa angenitukana.

“Mabwana,” akasema, “Dokta ni mtu mwadilifu kuliko sisi sote. Ninamwamini kama macho yangu mwenyewe.” Akanishika bega. Wote wakanipigia makofi.

Nilirudi nyumbani nimevimba. Nikamsimulia Mama Fabrice, yeye akiwa anachambua maharage.

“Wamekupigia makofi kwa kitu gani?” akaniuliza. “Mechi bado.”

“Wananiamini, mke wangu.”

“Baba Fabrice, hao wanaume Jumapili sita waliimba kanisani wakiwa wameshika kitabu juu chini. Wewe unataka wakuamini kwa nini?”

Nililitundika koti mlangoni nikalitazama.

Fainali ilichezwa Queensburgh, Jumapili baada ya misa, jua kali. Mistari niliichora mwenyewe asubuhi na nimewahi kuchora vizuri lakini si vile. Watu wa kwaya walikuja na sufuria. Mzee Yusufu aliletwa na mjukuu wake wa kike, akawekewa kiti karibu na goli langu, miwani ya giza usoni, anasikiliza mechi kwa kelele. Mwenzangu kwenye nguzo ya kushoto alikuwa mwanafunzi wa Berea aliyekuwa ana simu ndani ya mfuko wa koti, na macho yake mengi yalikuwa huko.

Sitawasimulia mechi yote. Dakika za mwisho Morningside walikuwa na goli moja na pointi nane, jumla kumi na moja. Sisi tulikuwa na pointi kumi na moja, bila goli. Sare. Kwa sare tunakufa. Refa akaangalia saa, Fergal akamkumbatia kijana wetu mmoja kwa njia ambayo si ya parokia, na filimbi ikalia: pigo la adhabu kwa Queensburgh, upande wa kulia, mbali, pembe mbaya. Pigo la mwisho. Fabrice akauchukua mpira.

Tumbili hakuwepo. Nilihakikisha.

Alirudi hatua nne. Niliona midomo yake inacheza, anahesabu, kama anavyohesabu na yale makopo ya rangi. Akapiga. Mpira ulipanda juu sana, ukatoka nje kabisa, ukaanza kurudi, na nyinyi mnajua nguzo zile za Queensburgh ni fupi, Mzee Yusufu alizitengeneza kwa mabomba ya maji. Ukapita juu kuliko nguzo yangu, lakini upande wa ndani. Nilikuwa chini yake, nimeegemeza kichwa kwenye bomba, jicho moja nimefumba kama nilivyofundishwa. Shubiri nzima upande wa ndani. Niliona anga kati ya mpira na nguzo. Nawaapia, niliona anga.

Halafu nikafikiri.

Ilikuwa kitambo kidogo tu. Nikamwona mtu wa Berea na swali lake la upole. Nikauona mkono wa Fergal begani kwangu. Nikawaza: nikiinua bendera nyeupe watasema baba yake. Miaka yote watasema baba yake. Dokta, mtu mwadilifu, kumbe. Bendera ilikuwa mkononi, nyeupe, nimeishika. Nikaitupa chini, nikapishanisha mikono juu ya kichwa.

Nje.

Mwanafunzi wa Berea akapishanisha yake kwa kuniiga. Refa akapuliza. Morningside wakaruka. Kwaya ikanyamaza, sufuria ikaanguka mahali. Fabrice alikuwa bado amesimama palepale, mikono kiunoni, ananitazama. Hakuniuliza iko ndani au iko nje. Anayepiga anajua.

Mzee Yusufu aliniita kwa kidole. Nikaenda, nikachuchumaa karibu na kiti chake.

“Umeona nini?” akaniuliza.

“Nimesema nje, Mzee.”

“Sikuulizi umesema nini. Umeona nini?”

Nikamwambia mjukuu wake ampeleke kivulini, jua ni kali. Hilo ndilo jibu nililompa mtu aliyenifundisha kazi. Alifariki miezi minne baadaye, nami nilibeba jeneza upande wa kulia, na sikuwa nimemjibu.

Timu ikavunjwa. Vijana wakagawanywa watano watano. Fabrice alipelekwa Berea, akacheza mechi moja, akasema ana kazi nyingi. Akapata nafasi kwenye duka la matairi Pinetown na kweli akawa na kazi nyingi. Nyumbani aliniamkia kila siku kwa adabu zote. Adabu, adabu, adabu, mpaka nikatamani anitukane. Warundi wenzangu kanisani walikuwa wananipa mkono wa amani kwa ncha za vidole. Na kamati, ndugu zangu, ikanipa tuzo. Kioo kizito cha mstatili, kimechongwa bendera. Mwamuzi Mwadilifu wa Daraja la Kati. Mama Fabrice alikitazama, akakipima kwa mkono, akaanza kukitumia kukandamizia unga wa chapati.

Mimi nilihamishiwa uwanja wa Berea, nikachora mistari mwaka mmoja zaidi, mpaka juzi waliponiaga. Sherehe ilikuwa mchana, kwenye ukumbi wao, na soseji. Fabrice alikuja kunichukua kwa gari la kazini, akasimama mlangoni na funguo mkononi, hakuingia. Fergal akatoa hotuba. Akaeleza vikao, akaeleza tumbili, watu wakacheka. Kisha akashusha sauti akaeleza ile fainali.

“Baba mzazi!” akasema. “Mwanawe mwenyewe! Na bado mikono juu. Niambieni, nani kati yetu angeweza?”

Makofi. Nikaitwa niseme neno. Nilikuwa nimeandika hotuba kuhusu chokaa, iko hapa, mtaipata stoo. Nikaikunja.

“Ile pointi ilikuwa halali,” nikasema. “Mpira ulipita ndani, shubiri nzima. Niliuona. Nilisema nje kwa sababu niliogopa maneno yenu. Kombe lile ni la Queensburgh, na Queensburgh haipo tena kwa sababu yangu.”

Nikasikia friji inaunguruma. Kisha Fergal akaanza kutabasamu, akatikisa kichwa, akageukia watu.

“Mnamwona?” akasema, macho yana machozi kabisa. “Hata leo anajilaumu! Hata leo! Huyu ndiye Dokta wetu!”

Wakasimama wote. Wakapiga makofi mpaka madirisha yakatikisika. Nikasema, “Hapana, nisikilizeni, nasema nilidanganya,” wakazidi kupiga. Katibu akaniegemea sikioni akanifariji kwamba, vyovyote vile, muda wa kukata rufaa ni siku saba. Mtu akanipa sahani ya soseji. Eish! Nimesema uongo mara moja wakaniamini mwaka mzima. Nimesema kweli mara moja wakanipigia makofi kwa unyenyekevu.

Nikatoka. Fabrice hakupiga makofi. Alikuwa amesimama palepale mlangoni, funguo zimekazwa kiganjani. Tukaingia garini. Tukashuka mteremko wa Berea mpaka robot ikatusimamisha kwa taa nyekundu.

“Papa,” akasema, anatazama mbele. “Uliiona kweli?”

“Niliiona.”

“Ndani?”

“Ndani. Shubiri moja.”

Nikasema, “Nisamehe, mwanangu,” mzee wa miaka sitini na mitatu ndani ya gari la matairi.

Taa ikageuka kijani. Nyuma yetu taxi ikapiga honi. Fabrice hakuondoa gari. Alinyanyua mkono wake wa kushoto kutoka kwenye usukani, akatanua vidole mbele ya kioo, kidole gumba mpaka kidole kidogo, akapima, akausogeza, akapima tena.

“Mbili, Papa,” akasema. “Zilikuwa mbili.”